Nilivyoua Mtandao wa Arusha Nikiwa Karatu

Leo nimejiaibisha mwenyewe, bila msaada wa mtu.

Kampuni yetu ya utalii ina ofisi mbili, Karatu na Arusha. Huku Karatu mtaalamu wa kompyuta ni mimi (cheo nilijipa). Asubuhi mtandao ukagoma. Kesho wageni wanashuka kreta kuona wanyama, na majina yao hayajatumwa kwenye geti la hifadhi. Nikataka kuingia kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, lakini neno la siri analo bosi, naye yuko Arusha na hampi mtu.

Nikampigia. Sauti nzito, madereva wasikie.

"Bosi, andika 192.168.1.1 kwenye kompyuta yako. Utaiona ruta yetu."

Neema, katibu muhtasi, akainua kichwa. "Kaka, hiyo si anwani ya humu ndani tu? Na kama mtandao wetu umekatika, bosi ataingilia wapi?"

Nilimtazama kana kwamba ni mbuzi aliyeingia darasani.

"Dada, wewe chapa barua." (Ndiyo, nilisema hivyo.)

"Nimeingia," akasema bosi. "Naona jina la kampuni."

Nikamkonyeza Neema. "Safi. Sasa irudishe kama ilivyotoka kiwandani."

"Una uhakika?"

"Bosi, hii ndiyo kazi yangu."

Akabonyeza. Nikakodolea macho taa za ruta yetu. Haikubadilika hata moja. Dakika mbili baadaye simu ikaita.

"Wewe. Mtandao wa huku umekufa. Umenifutisha ruta yangu mwenyewe."

Nikaanza kueleza habari za mawingu ya mlima Oldeani.

"Mpe Neema simu."

Neema akaweka spika. Akaongea polepole, kama nesi. "Bosi, namba ile hata ruta ya kwako inayo. Ni sawa na kumwambia mtu aingie jikoni. Ataingia jikoni kwake."

Bosi akasema: "Toa spika nikupe neno la siri. Huyo asisikie."

Akampa. Neema akaingia kupitia kompyuta ya hapa hapa, akarekebisha, majina yakaenda kabla ya chakula cha mchana. Arusha nako akawaelekeza kwa simu.

Lemayian, dereva wetu wa kutoka kijiji cha Arash, alikuwa anasikiliza muda wote. Akaniuliza kwa upole, "Fundi, nikiwasha gari hapa, na la bosi kule litawaka?"

Kuanzia kesho ruta iko chini ya Neema. Mimi nimepangiwa kuosha mahema.

Mkitaka kucheka, chekeeni huko huko mliko. Hapa ofisini nafasi zimejaa.