Saa ya Marehemu Rubani Vuille

Jumatatu, 4 Novemba

Theluji ya kwanza. Calame ana mafua! Sijawahi kuamka na furaha namna hii tangu Juni.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, mimi na Ludovic Calame tunakaa chumba cha nyuma cha mkahawa kwa niaba ya Chama cha Wapenzi wa Saa cha Le Locle. Watu wanaleta saa zao, sisi tunazikadiria bure. Miaka kumi na mmoja tuko meza moja. Miaka kumi na mmoja ananisahihisha mbele za watu. Leo nilikuwa peke yangu. Nikakalia kiti chake. Kumbe kina mto!

Saa nne unusu akaingia Bibi Eugénie Vuille, mjane wa Anselme Vuille, yule rubani aliyekuwa akiokoa wapanda milima waliokwama kwenye barafu. Akatoa leso mkobani. Akaifungua. Ndani, saa ya mkono.

Mungu wangu.

Nimepiga chapa nyuso za saa kiwandani kwa miaka thelathini na miwili. Najua ninachokitazama. Uso mweusi kama masizi, hauna jina la kiwanda, maana jeshi la anga halikutaka majina. Nambari nyeupe, nene, hazina madoido. Palipo na kumi na mbili, pembetatu yenye nukta mbili. Kifundo cha kutilia ufunguo kikubwa kama kitunguu kidogo. Bonyeza kitufe cha pembeni, sindano ya sekunde inarudi mwanzo na kuondoka tena papo hapo, haisimami hata kuvuta pumzi. Chuma kimechubuka kila upande. Lakini uso haujaguswa na brashi ya mtu, rangi ni ile ile ya kiwandani! Zimebaki chache sana za namna hii duniani. Bei yake unanunua gari jipya, na la maana.

Bibi Vuille akauliza ina thamani gani.

Nikasikia sauti ikisema, "Faranga mia mbili, Bibi. Mia mbili na hamsini ukimpata mwenye huruma." Sauti ilikuwa yangu.

Nikaongeza kwamba ni kubwa mno, nzito, imepigwapigwa, na hata aliyeitengeneza aliona aibu kuandika jina. Akanishukuru sana. Akaomba nimwandikie. Nikaandika. Nikatia sahihi. Nikagonga muhuri wa chama.

Kwa nini niliandika?

Jumatano, 6 Novemba

Lazima niipate ile saa. Kanuni ya saba ya chama inamkataza mkadiriaji kununua saa aliyoikadiria mwenyewe. Calame ndiye aliyeitunga, na nakumbuka aliisoma akinitazama.

Sawa. Sinunui mimi. Ananunua Edgar, kaka wa mke wangu, muuza magodoro. Nimemfundisha saa nzima. Wewe ni mgeni kutoka Lausanne. Unapenda vitu vya zamani. Usiikimbilie saa, zunguka kwanza, sifia vitu vingine, halafu uulize kama mtu aliyekumbuka ghafla.

Huguette, mke wangu, akatoa kichwa jikoni. Akauliza kama ni Edgar huyu huyu aliyepotea ndani ya stesheni ya treni. Nikamwambia mambo haya ayaache. Akasema ameyaacha tangu siku ya harusi.

Alhamisi, 7 Novemba

Edgar amerudi. Na barometa!

Nilimwambia azunguke, basi akazunguka nyumba nzima. Akaisifia barometa ya ukutani, kile kipimo cha hali ya hewa, kwa moyo wake wote, mpaka Bibi Vuille akaiondoa msumarini na kumfungia kwenye gazeti. Edgar hakujua atakataaje. Alipokumbuka kuuliza habari za saa alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Bibi akajibu haiuzwi. Kisha akamwambia anisalimie.

Anisalimie mimi! Nimemuuliza Edgar, amejuaje? Edgar kafikiri. Kasema labda ni kwa sababu alikwenda na gari langu.

Jumamosi, 9 Novemba

Maafa.

Nilikuwa kwenye foleni buchani, nasubiri soseji. Mke wa mwenye bucha akawa anawahadithia watu wote. Bibi Vuille ameitoa saa ya mumewe. Bure! Amempa Noémie Calame, aliyepata kazi ya kurusha helikopta za uokoaji. Noémie CALAME. Binti wa yule yule!

Na wanawe Bibi Vuille je? Cyrille na Gaspard hawasalimiani tangu baba yao alipowagawia msitu, akiwa bado hai. Kila mmoja alikuwa anaitaka ile saa, kwa sababu mwenzake anaitaka. Mama yao akawaita, akawasomea karatasi yangu, na sahihi, na muhuri. Wakacheka wote wawili. Mara ya kwanza kucheka pamoja kwa miaka sita. Wakasema kwa mia mbili, mama, mpe umtakaye.

Nimetoka bila soseji.

Hofu yangu ni hii. Calame ana macho ya mwewe na kifaa cha kufungulia mfuniko. Akipona mafua, ataifungua. Akiifungua, atajua. Akijua, atasoma karatasi yangu kwa sauti mbele ya chama kizima. Ataisoma taratibu. Namjua.

Jumapili, 10 Novemba

Nilikwenda kupeleleza. Nilibeba supu ya mgonjwa ili nionekane na utu.

Mlango akafungua Noémie, mikono ina povu hadi viwikoni. Alikuwa anaosha vyombo. Na saa mkononi!

Nilipiga kelele.

"Mzee Jacot! Unaumwa?"

Nikasema ni mvuke wa supu. Akanipa kiti. Nikamwomba, kwa upole niwezao, aivue. Akasema haivui, anataka mkono uuzoee uzito. Halafu akaanza kucheka. Akasema ameisoma karatasi yangu, ameipenda sana, ameishika yote kichwani. Akasimama katikati ya jikoni akaighani: "Kifundo ni kikubwa kupita kiasi, kinakera mkono!"

"Kinakera kweli, mzee," akasema, "mpaka siku uvae glavu. Jana tulikuwa juu kule, theluji inapiga, vidole vimekufa ganzi. Nimekizungusha bila kutazama. Na hizi nambari unazosema za kishamba? Helikopta inatetemeka kama mashine ya kufulia, na bado nikitupa jicho mara moja nimeshasoma."

Akabonyeza kitufe anionyeshe. Sindano ikaruka nyumbani na kuondoka tena. Akaeleza kwamba ukiruka mawinguni unapima kila kipande cha safari kwa sekunde, na ukimaliza kimoja hupati nafasi ya kubonyeza mara tatu, kusimamisha, kurudisha, kuanzisha. Mara moja tu, basi.

Miaka yote hii nimezitazama saa hizi kwenye mito ya mahameli. Leo nimeiona moja kazini. Machozi yalinilenga. Nikasema tena ni supu.

Kutoka chumbani sauti ya pua iliyoziba ikauliza nani huyo. Nikatoka mbio. Nimeacha kofia.

Jumanne, 12 Novemba

Simu imelia mara nne. Mara nne nimejificha chooni.

Njia ni moja: kujiuzulu kabla sijafukuzwa. Nimeandika barua tatu. Nzuri kuliko zote inasema macho yangu yamedhoofika tangu majira ya kiangazi, kwa hiyo ukadiriaji wowote nilioufanya Novemba usichukuliwe kwa uzito. Macho! Hilo linaeleza kila kitu. Nani atamlaumu kipofu?

Nimeanza mazoezi ya kujigonga kwenye meza nikipita, kama asiyeona. Huguette ameniangalia nikigonga mara mbili. Amepiga simu kwa daktari.

Jumatano, 13 Novemba

Daktari amesema nina macho ya kijana wa miaka thelathini. Hajawahi kuona macho kama yangu kwa mtu wa umri wangu. Amefurahi sana hata akaniandikia cheti bila kuombwa. Huguette amekibandika kwenye jokofu.

Alhamisi, 14 Novemba

Amekuja.

Nilimwona dirishani akipanda ngazi, kofia yangu mkono mmoja, mkono mwingine kitu kirefu kimefungwa kwa karatasi. Nikadhani ni fimbo. Ilikuwa chupa ya absinthe, ile pombe kali ya mitishamba, kutoka Val-de-Travers.

Calame akafunga mlango nyuma yake. Akaomba Huguette atuache. Huguette akaenda jikoni, akaacha mlango wazi kiasi cha sikio.

Akasema aliifungua saa Jumatatu. Akasema mashine ni yenyewe, kikombe cha chuma cha kukinga sumaku kiko mahali pake, uso haujaguswa. Akasema hajaona nyingine kama hiyo nje ya kabati la makumbusho.

Nikafungua mdomo nianze habari za macho. Upenyoni mwa mlango jokofu lilimkabili, na cheti cha daktari juu yake. Nikaufunga.

"Jacot," akasema, "nimekukosea. Miaka kumi na mmoja nilikuona mtu mchoyo, mwenye kijicho."

Nikahesabu hatua hadi mlangoni.

Akasema mtu aliyepiga chapa nyuso za saa miaka thelathini na miwili hawezi kukosea uso ule. Hata gizani. Hata mlevi. Kwa hiyo nilijua. Nilijua, nikasema uongo kwa makusudi, nikajichafulia jina langu kwa muhuri na sahihi, ili watoto wa mjane wasirukiane makoo, na ili saa imfikie Noémie, kama marehemu alivyotaka.

Alikuwa na machozi. Calame! Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Nikainamisha kichwa. Nikasema mtu yeyote angefanya vile.

Jikoni sufuria ikaanguka.

Tukanywa. Nilijiona mwepesi kama karatasi. Nikamuuliza kama atawaeleza wanachama katika mkutano wa Desemba, au aandike kabisa kwenye jarida letu, na kama angependa picha yangu. Akanitazama kwa mshangao. Nani, yeye? Kamwe! Cyrille na Gaspard wakisikia bei ya kweli watakwenda mahakamani, na Noémie atanyang'anywa saa. Siri hii tutakufa nayo, yeye na mimi.

Nimeitambua saa bora kuliko zote zilizowahi kupita kwenye meza yetu. Niliitambua kwa pumzi moja. Na mpaka siku ninazikwa, mji mzima utajua kwamba niliandika mia mbili.

Ijumaa, 15 Novemba

Buchani wananiita Mzee Mia Mbili. Mtu mmoja amenivulia saa ya plastiki ya mtoto wake, akaniuliza kama atapata mia mbili na hamsini. Watu wakashikana mbavu. Calame alikuwepo. Akanikonyeza kwa heshima kubwa. Ningependa kumpiga.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimekutana na Bibi Vuille sokoni, anachagua vitunguu vya majani. Nikasimama mahali pa kuonekana. Nilitegemea shukrani.

Akanivuta mkono wa koti hadi nyuma ya meza ya jibini. Akasema polepole, kama mtu anayetoa maelekezo ya kupika. Saa ile aliikadirisha Geneva miaka mitatu iliyopita, Anselme akiwa hai. Walimtajia bei ya gari jipya.

Nikauliza, basi kwa nini aliileta kwangu?

Kwa sababu Anselme alimwahidi Noémie, siku aliporuka naye mara ya kwanza akaona jinsi anavyoshika usukani. Lakini aliahidi kwa mdomo tu. Wana wao wasingekubali mpaka waambiwe ni takataka, tena waambiwe na mtaalamu, kwa maandishi. Calame asingeweza kusema uongo hata umtundike juu chini. Kwa hiyo amekuwa akingoja Jumatatu ambayo Calame hayupo. Amengoja miezi saba. Yule mtu haugui!

"Nilijiambia, Jacot akiwa peke yake atanitajia mia tano," akasema. "Ukasema mia mbili. Ulinitisha kidogo, baba. Nilidhani wanangu hawataamini."

Akanipigapiga shavu. Akaninunulia kitunguu kimoja.

Nimekaa ndani ya gari nusu saa bila kuliwasha. Nilijisikia... sijui. Nilikumbuka ile sindano ikiruka jikoni kwa Noémie. Nikafikiri kwamba iko pale inapostahili kuwa. Nikafikiri kwamba huenda kuna jambo hapa la kujifunza.

Jumapili, 17 Novemba

Nimejifunza! Nimeamka na jibu lote. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilitaja bei ndogo. Bei ndogo humfanya mtu agawe. Safari hii bei KUBWA.

Kuna mfugaji kule La Brévine, jina lake Huguenin-Virchaux. Ghalani kwao amekuta saa iliyong'olewa kwenye dashibodi ya ndege ya vita, na mitambo yake yote. Amenipigia simu leo asubuhi, mimi binafsi. Nitamwambia ina thamani ya nyumba. Atashikwa na hofu ya wezi, moto na kodi. Atanisihi niiweke kwangu. Ikikaa kwangu mwaka, miwili, nani atakumbuka ni ya nani? Nakwenda kesho. Calame atakuwa kwa dada yake.

Huyu ni mtu mnyonge kabisa, nimemsikia kwenye simu. Ananiita mheshimiwa. Ameomba nimwandikie kwa wino mzuri. Nikamuuliza amelipataje jina langu, kwa maana mjini wananicheka. Akasema amepewa na Bibi Vuille. Amemhakikishia kwamba kwa shida yake yeye, yaani ndugu wanaoigombea saa hiyo, hakuna mtu anayefaa kunizidi.

Mama mwema yule. Ametambua kipaji.