Marehemu wa Galeri ya Djafari

Jumatatu, 5 Juni 2000
Hakuna mteja. Wiki iliyopita pia hakuna. Katika mtaa wetu wa mafundi, nyuma ya stesheni, kila mtu ana kazi isipokuwa mimi. Washonaji wanashona. Basile kinyozi ananyoa. Kibao chake kina kichwa alichokichora mwenyewe, vibaya, na watu wanasimama kukitazama! Galeri yangu wanaipita tu. Nimechoka.

Shangazi Fatouma, mwenye nyumba, amekuja. Nisipouza hata picha moja kufikia Jumamosi, atajaza humu magunia yake ya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Nikamwambia sanaa haina haraka. Akasema ndagala wana haraka.

Jumanne, 6 Juni
Nimepata! Nimesoma katika gazeti la zamani la Kifaransa habari za mchoraji ambaye hakuna aliyemtaka mpaka alipokufa. Baada ya hapo matajiri waligombania hata vitambaa alivyofutia brashi. Mimi mchoraji wangu ni mmoja tu, Valère, mtu wa Moba. Anachora mamba-muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, kwenye magunia ya unga wa msaada, na ziwa zima hakuna anayemfikia. Nimemwomba afe kidogo. Alikataa, halafu akauliza kama marehemu atakuwa anakula. Sasa amejificha chumba cha nyuma.

Nimetangaza kwamba amefia njia ya Nyunzu, kwenye mapigano. Hakuna aliyeuliza maiti iko wapi. Siku hizi za vita hakuna anayeuliza. Jambo hilo lilinisumbua mpaka wakati wa chakula.

Alhamisi, 8 Juni
Nimetundika matawi ya mchikichi mlangoni, ishara ya kilio. Galeri imejaa kwa mara ya kwanza! Wamekaa mikekani, wanaimba, wanakunywa chai yangu, wameegemeza migongo kwenye picha. Mama mmoja Mzungu wa shirika la msaada alimtazama mamba-muntu mkubwa kwa muda mrefu, akasema atarudi Jumamosi kumchukua. Ni picha moja, lakini itamfunga Shangazi mdomo!

Valère amenilalamikia kupitia ukutani kwamba hawauimbi wimbo anaoupenda. Basile, ambaye hatujasalimiana naye tangu Pasaka, amelia kuliko wote. Kisha akaniambia kwamba amekwenda misheni na kupitisha habari kwenye redio yao mpaka Moba, ili ndugu za marehemu wasikose kilio. Nani alimwomba wema?

Jumamosi, 10 Juni
Mashua ya Moba ilifika asubuhi. Alishuka Papa Numbi, mjomba wa Valère, na ukoo mzima nyuma yake. Walilia vizuri. Halafu, kama ilivyo desturi, wakaanza kukusanya mali ya marehemu: kitanda, suruali, brashi. Na picha zote ukutani! Nikasema picha ni za galeri. Papa Numbi akaniuliza taratibu: "Njo weye ulichora hizi?" Kweli, si mimi niliyezichora.

Mama wa shirika alifika wakati huo huo, akanikuta nimeng'ang'ania mamba-muntu upande wa kichwa, wafiwa wakivuta upande wa mkia. Akaomba radhi, akaondoka.

Ikabidi nimfufue Valère. Nilifungua chumba cha nyuma, akatoka akipangusa mdomo. Watu walikimbia mpaka kwa Basile. Papa Numbi hakukimbia. Aliketi chini akalia upya, bila sauti. Niliona aibu. Naandika wazi, niliona aibu sana.

Kisha ukoo ukaamua: aliyemtangazia mtu aliye hai kifo hana haki ya chochote cha mtu huyo. Picha zikapelekwa mashuani, na mwenyewe akazifuata. Nilimsihi Valère abaki.

"Ulisha kuniua mara moja, Papa Djafari," alisema. "Nikibaki, utazoea."

Jumatatu, 12 Juni
Ndagala wamefika mpaka dirishani. Nguo zangu zote zinanuka. Shangazi ameniachia ukuta mmoja, kwa huruma tu, na ukuta wenyewe ni mtupu. Nilikaa mbele yake asubuhi nzima nikitafuta nilikosea wapi.

Kosa lilikuwa ndugu. Valère alikuwa na ndugu wengi mno, tena mahali mashua inapofika.

Basile, kumbe, ni mzaliwa wa Kabalo. Ukoo wake wote uko huko, ng'ambo ya mapigano, na treni haijaja tangu vita vianze. Jioni nimempelekea rangi na gunia safi, ajaribu kuchora. Amefurahi, amenipa kiti. Nikamuuliza, kirafiki tu, kama kifua hakimsumbui.