Kiden wa Midia Hayupo

Jumatatu, 9 Februari 2026

Kiden hayupo. Sijawahi kumwambia mtu: si mama, si padri kwenye kitubio. Naandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo. Yule Kiden wa Midia, mkimbizi, mjane, mama wa watoto watano, aliyeanza na mzinga mmoja na sasa anayo ishirini na miwili, ambaye wazungu wanamlilia kwenye tovuti ya kampuni, hakuzaliwa na mwanamke. Nilimzaa mimi, nyuma ya stoo ya madebe, mwezi wa kumi na mbili, nikitafuna karanga.

Ilikuwa hivi. Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Anko Aliga, meneja wa kampuni ya asali hapa Arua, akanipa kazi. Nenda Midia, Driwaru, kaa na wafuga nyuki, waulize maisha yao, andika kwa Kiingereza na Kiswahili. Mimi! Mtu ambaye dukani nanyooshea sabuni kidole ili nisiitaje. Shule ya msingi nilisoma Nakuru, baba alipokuwa dereva huko, kwa hiyo Kiswahili changu ni cha kitabu. Nikifungua mdomo watu wa hapa wanacheka, wanasema taarifa ya habari imeanza.

Midia nilifika. Wanawake wanne walikuwa wamekaa barazani. Wakanitazama. Nikarudi kwenye bodaboda ileile, bado haijapoa.

Jina nililichagua kwa akili. Kwa Wakakwa, watu wa Midia, jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa, si hamu ya mzazi, kwa hiyo kila ukoo una Kiden wake. Nikajiona mjanja: nani atamtafuta Kiden mmoja katikati ya Kiden wote hao?

Leo nimejua ni nani. Wazungu wenyewe, wanakuja Ijumaa.

Jumanne, 10 Februari

Wageni kumi na wawili! Anko ametangaza ofisini, amesimama juu ya kreti. Ni wale wanaoweka fedha zao kwenye biashara za kuinua maskini, kisha wanasafiri kwa kundi kwenda kuwaangalia maskini wakiinuka. Asubuhi Ombaci, kwa akina mama wanaokausha maembe. Mchana Midia, kwa Kiden. Hasa kwa Kiden. Wanamletea mashine ya kukamulia asali, chuma kitupu, pipa lenye mpini wa kuzungusha. Wataikabidhi nyumbani kwake kwa mikono yao.

Mpango wa kwanza: Kiden afe. Nikamnong'oneza Anko kwamba nasikia Kiden anaumwa sana, huenda asiifikie Ijumaa. Anko akafumba macho, akasema pole yake, basi wageni watapita kaburini, watu hawa hupenda sana makaburi. Nimtafute mtu wa kufyeka njia. Nikamfufua palepale.

Mpango wa pili: amerudi Sudan Kusini. Hapo Phiona akadakia. Phiona ni binamu yangu, yuko mapokezi, sauti yake ni kengele ya shule. Eti ana shangazi kule Oraba, anabadilisha fedha pale mpakani, anamwona kila anayevuka, ngoja ampigie. Akauliza mbele ya watu wote rafiki yangu aliondokaje bila kuniaga. Nikasema labda aliyeondoka si yeye. Phiona hajanisamehe tangu Krismasi, nilipopewa mimi kile kiti cha ofisini chenye mgongo.

Mpango wa tatu: atafutwe Kiden.

Jumatano, 11 Februari

Midia tena. Nimezunguka kisima mara tatu, nikijifanya natafuta mtandao wa simu. Nyuki akaniuma sikio. Nikapiga yowe, na hivyo ndivyo nilivyozungumza na mtu kwa mara ya kwanza katika kijiji hiki.

Mwanamke mmoja akatoka na kitunguu, akanisugua bila kuniuliza mimi ni wa nani. Anaitwa Yangi. Alitoka Morobo, ng'ambo ya mpaka. Nyuma ya nyumba yake kuna mizinga thelathini na mmoja! Tisa zaidi ya mizinga ya Kiden. Nilimwonea wivu kwa niaba ya Kiden.

Anakamua kwa mikono, kwa kitambaa. Vidole vimepasuka, asali inaingia kwenye nyufa. Masega mengine anayabeba kichwani hadi mjini Koboko, na kabla hajafika siafu wamekwisha kula sehemu yao. Aliwahi kuona mashine mara moja, kwenye mafunzo. Akanionyesha hewani jinsi mpini unavyozungushwa, polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto.

Nikamuuliza, nikitazama miguu yake, kama anaweza kuitwa Kiden kwa siku moja.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Binti, mimi iko na jina yangu. Mama yangu alisumbuka kunizaa, nitamwambia nini?"

Nikasema mashine itabaki nyumbani kwa Kiden.

Akaacha kucheka. Akavitazama vidole vyake, kimoja kimoja.

"Basi Ijumaa niite Kiden. Jumamosi unirudishe."

Alhamisi, 12 Februari

Mazoezi. Mama Yangi ni mwanafunzi mgumu. Nilipofika pale Kiden anapouza kitenge chake cha harusi ili anunue mzinga wa kwanza, akanisimamisha, akauliza ni mjinga gani atanunua kitenge kilichovaliwa. Kisha akavuta kigoda karibu, akaanza kunieleza mzinga wake wa kwanza ulitoka wapi hasa. Sikiliza, akasema, siku ile tunavuka...

Nikamkatiza. Nikasema hiyo itatuchanganya.

Ukweli niuandike hapa. Mtu akinieleza maisha yake sijui niweke wapi macho. Mama Yangi akakirudisha kigoda nyuma. Akarudia kitenge cha harusi, neno kwa neno, kama mtoto wa katekisimu.

Narudi ofisini, nakuta Phiona anapigiwa makofi. Amepeleka tangazo redioni, kwa hiari yake: Kiden wa Midia ajiandae, wageni wanamletea mashine. Limesomwa mara nne. Sijala.

Ijumaa, 13 Februari

Kiden tisa.

Nianze mwanzo. Magari mawili meupe. Kiongozi wa safari anaitwa Robert, kijana wa Kampala, amegawa dakika kwa kila kijiji. Ombaci walipewa arobaini. Wageni walikula maembe makavu na kumuuliza kila mama anajisikiaje. Kila mama alijisikia vizuri sana. Mgeni mmoja mwenye kofia ya ukili alianza kulia njiani, kabla hata ya Koboko, akiisoma tena hadithi yangu. Nami nikamtolea kitambaa. Nilijivuna kidogo, Mungu anisamehe.

Kwa Mama Yangi, ukutani, kwenye mikeka, wamejipanga wanawake tisa, vitenge vya sikukuu, vitambulisho mkononi. Mmoja anatoka mjini Koboko, mwingine alilala njiani. Wote ni Kiden, na hakuna aliyedanganya. Ni mimi tu.

Hata hivyo Mama Yangi alisimama akasema kila kitu. Mjane, watoto watano, kitenge. Mimi natafsiri kwa kunong'ona, Phiona anapaza. Wageni walilia kwa zamu. Nikaanza kupumua.

Kisha Robert akatoa fomu. Mpokeaji aonyeshe kitambulisho. Akaeleza kwamba mwaka jana, wilaya nyingine, pampu ilipewa mtu asiye na hata bustani, kwa hiyo sasa wanachunguza. Mama Yangi akafungua pindo la kitenge, akatoa kadi yake ya ukimbizi. Robert akaisoma kwa sauti. Yangi.

Mara vitambulisho tisa vikapanda juu, kama mnada.

Phiona, safari hii bila kungoja niseme, akauliza kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, basi huyu ni nani? Wote wakanigeukia. Mama Yangi pia. Maneno nilikuwa nayo, kwa lugha zote mbili. Mizinga hii ni yake. Mwongo ni mimi. Mpeni. Nikafungua mdomo.

Nikakohoa.

Mgeni wa kofia akanipa pipi ya koo.

Zilibaki dakika sita. Robert akamchagua Kiden mwenye picha ya kitambulisho iliyo wazi kuliko wenzake, mashine ikawa yake. Ana watoto watano, wa kweli, na anauza chapati njia ya kuingia Koboko. Nyuki mmoja akampitia usoni, akakimbia uwanja mzima akijipiga na kitenge. Wageni wakadhani ni ngoma, wakamfuata wakipiga makofi. Picha zimetoka vizuri sana.

Mama Yangi akaichukua kadi yake, akaifunga tena pindoni. Aliingia ndani, akatoka na sahani ya masega, akawapa wageni wote kumi na wawili, kwa sababu wageni ni wageni. Wa kofia akaramba vidole, akauliza asali tamu hivi ni ya nani.

Phiona akajibu: ya Kiden.

Jumamosi, 14 Februari

Anko ana furaha. Ziara imefana, wageni wameguswa. Phiona anajua, na hasemi. Ananipa vikombe vyake nioshe.

Nimekwenda kwa Kiden wa chapati. Mpango: kumwomba mashine kwa heshima. Nimemkuta anaizungusha, ndani kuna sare za shule za watoto wake zilizoloa. Zinakauka haraka, akasema, Mungu awabariki wazungu. Nikamwonyesha barua niliyoandika, maana kusema nisingeweza. Akanipa fomu yake, akaniomba nimsomee jina lililoandikwa pale. Nikasoma. Akaniuliza kama nataka chapati.

Kwa Mama Yangi sikupita. Nimepita mbali, kupitia shamba la muhogo la watu, nikafukuzwa na mbwa.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Misa ya asubuhi Ombaci. Nimepakwa, nimeambiwa mimi ni mavumbi, nimekubali. Nimeapa kutotunga tena mtu.

Na tazama Mungu alivyo mwepesi! Saa nne Anko ameniita. Wageni wameandika: wanayo mashine ya pili, ya mwisho, iko Kampala. Wanataka hadithi ya mfuga nyuki mwingine, leo, kabla ya saa kumi. Robert atakuja nayo yeye mwenyewe, akae na mhusika, alinganishe kila neno na kilichoandikwa. Likipishana hata moja, mashine inapelekwa wilaya nyingine.

Nikasema jina. Kwa sauti! Yangi wa Midia! Phiona aliangusha kalamu. Anko akampigia hapohapo, na Mama Yangi akasema hatangoja mtu aende kwake. Anapanda gari sasa hivi, anakuja Arua, atanieleza yote tangu mwanzo, kwa jina lake mwenyewe.

Nimepanga viti viwili. Nimechonga penseli tatu. Nimefuta meza.

Saa saba nikavitazama vile viti. Viko karibu mno. Nikakisogeza kimoja. Bado.

Halafu nikamfikiria yeye. Mtu mzima, njia yote hiyo, jua lote hili, afike na kuanza tena kukumbuka vita. Ni ukatili. Kumsaidia tu, nikaanza aya ya kwanza. Aya ya kwanza si kutunga. Nimemtoa Juba, kwa sababu Morobo wageni hawaijui. Nimempa mume aliyezama mtoni. Sijui kama ana mume. Watoto saba. Mizinga nimeipunguza iwe kumi na miwili, wasije wakaona amejitosheleza. Imetoka nzuri kuliko ile ya Kiden, nimelia mwenyewe. Nimewatumia wageni saa nane na nusu. Akifika nitamnunulia soda, nimwambie kazi imekwisha, apumzike.

Ndala kwenye korido. Phiona anasema pita, Mama, Driwaru yuko humo, anakungoja wewe tu. Mama Yangi anajibu kwamba amekumbuka mengi njiani, hata majina ya

nafunika daftari