Goti Langu Halikuomba Kufanyiwa Utafiti

Joel Kipkosgei arap Mitei,
Mkulima wa chai,
Nyuma ya kituo cha kununulia chai,
Kapsotet, njia ya Litein.

Ijumaa, 11 Julai 2025

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi Kapsotet.

Mwalimu Mkuu Kipruto,

KUH: MAANDALIO YA SOMO LA MAZINGIRA, GREDI YA TATU, NA MADHARA YAKE KWA WATU WAZIMA

Nakusalimu kwa heshima zote, kwanza kama mkuu wa shule, pili kama jirani ambaye mahindi yake mwaka jana yalianikwa kwa ushauri wa goti langu na hayakuota ukungu. Nakukumbusha hilo mapema kwa sababu tutalirudia.

Jana nilikuja ofisini kwako bila miadi nikapiga meza kidogo. Naomba radhi kwa ajili ya meza. Ulinisikiliza, ukamwambia Mwalimu Vivian Nyambeki asimamishe kwanza kazi zote za sayansi anazowapa watoto wafanye nyumbani, kisha ukaniomba niweke malalamiko yangu kwenye karatasi, ili uamue kama utatia sahihi azimio lake la kazi la muhula ujao au utamwambia aanze upya. Basi karatasi ndiyo hii.

Niseme kwanza kwamba sina ugomvi na Mwalimu Vivian kama mtu. Ni mwalimu mpya, ametoka upande wa Nyamira, ana heshima, anawahi shuleni kabla ya kengele, na maandalio yake ya masomo ni marefu kuliko mahubiri ya Pasaka. Tatizo ni kwamba anayafundisha. Zamani mwalimu aliandika andalio ili mkaguzi alione, halafu akaingia darasani akafundisha kitu kingine. Huyu akiandika kwamba Jumanne watoto watachunguza minyoo, Jumanne nyumbani kwangu kuna minyoo.

Mjukuu wangu Chepchumba ana miaka minane. Mama yake anafanya kazi Nakuru, kwa hiyo mtoto analelewa na mimi na bibi yake, Janeffer. Hadi mwezi wa tano mwaka huu tulikuwa nyumba yenye amani. Malalamiko yangu ni kama yafuatayo.

1. Kuhusu swali dadisi.

Kila andalio la Mwalimu Vivian lina sehemu inayoitwa "swali dadisi". Naambiwa ndivyo mtaala unavyotaka. Lakini swali likishamwingia mtoto halibaki shuleni. Zamani Chepchumba akiniuliza radi ni nini, nilimwambia ni mawingu yanagombana, na mambo yaliishia hapo, tukala. Sasa ananisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kabisa, kisha ananiita babu kwa lugha yetu na kusema, "Kugo, lakini umejuaje?" Mwalimu Mkuu, nina miaka sitini na nane. Nimekuwa mzee wa kanisa, nimekuwa mwenyekiti wa kituo cha chai mara mbili, na nimekalia kesi za mipaka hadi nimezichoka. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nimejuaje.

2. Kuhusu nyenzo.

Siku ya wazazi nilikuta andalio la somo la mvua limeachwa mezani nikalisoma. Chini ya "Nyenzo" pameandikwa hivi: chupa ya plastiki, rula, babu au bibi, gundi. Nilivua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Nimewekwa kati ya rula na gundi. Nilipomuuliza Mwalimu Vivian, alicheka vizuri akasema, "Mzee, wewe ndio muhimu sana hapo. Bila wewe hiyo lesson haiendi." Nilishukuru, lakini nikiwa njiani nilifikiri kwamba hata gundi inaweza kuambiwa hivyo.

3. Kuhusu mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu.

Katika mwezi wa sita palikuwa na somo la usafi wa vyombo. Kitu kizuri. Watoto waliambiwa walinganishe vitu viwili vinavyofanana kwa kila hali isipokuwa jambo moja. Chepchumba akachukua vibuyu viwili vya bibi yake. Kimoja kikasafishwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, kama tulivyofanya siku zote, na cha pili kikaoshwa kwa maji matupu. Vyote vikatiwa maziwa ya ng'ombe yule yule, siku ile ile. Akaviandika A na B kwa chaki. Janeffer hakuuliza A ni nini wala B ni nini, maana katika jiko lake kibuyu ni kibuyu.

Jumapili iliyofuata Mchungaji alikuja kutuombea, akamiminiwa kutoka B. Alikunywa yote kwa sababu ni mtu wa Mungu. Kabla hajafuta mdomo, Chepchumba alikuwa ameshasimama mbele yake na karatasi yenye nyuso tatu, mmoja unacheka, mmoja umenuna na mmoja uko katikati, akimwomba achague. Mchungaji hawezi kusema uongo, hasa Jumapili. Alionyesha ule ulionuna, akamwomba Janeffer msamaha, na Janeffer akaenda kulia jikoni. Mtoto aliandika "Mkaa unasaidia", akapewa alama ya vyema. Mkaa unasaidia! Tungemwambia hivyo bila kumtesa Mchungaji wa watu.

4. Kuhusu chai yangu.

Unajua kwamba mimi ndiye husimama pale kituoni kuwaambia wakulima wachume majani mawili na kichipukizi, si zaidi. Hotuba hiyo nimeitoa kwa miaka kumi na mitano. Mwezi uliopita somo likawa kupanga vitu katika makundi. Watoto wa wengine walipanga mawe. Wangu alipanga kikapu changu. Tukiwa kwenye foleni ya mizani alitoa matawi mia moja, akayatandaza juu ya gunia mafungu mawili, akatangaza kwa sauti ya darasani, "Kugo, hizi ziko na majani matatu ni thelathini na moja." Karani alijifanya anatafuta kalamu. Wanawake waliokuwa nyuma yangu hawakujifanya chochote, walicheka mpaka wakashikana. Tangu siku hiyo hotuba yangu imekuwa fupi.

5. Kuhusu goti.

Sasa tumefika. Mwaka 1994 ng'ombe alinipiga teke kwenye goti la kushoto. Tangu hapo, goti likiuma asubuhi, mvua inanyesha kabla ya jioni. Hayakuwa maoni yangu, lilikuwa jambo linalojulikana kutoka hapa hadi barabara ya Sotik. Jirani yangu Ogeto, ambaye hawezi kuanika hata debe moja la mahindi bila mimi, hupita langoni kila siku na kuuliza, "Mzee, leo goti inasema aje?" Harusi mbili zimesogezwa mbele kwa ajili ya goti hili. Wewe mwenyewe ulinipigia simu kabla ya kupanga siku ya michezo.

Likaja somo la mvua. Watoto waliambiwa wakate chupa, waitege nje, wapime maji kwa rula kila asubuhi, na wamuulize mtu mzima nyumbani namna anavyotabiri mvua. Hapo ndipo nilipotumika kama nyenzo. Kwa siku arobaini Chepchumba aliniuliza kama goti linauma, nami nikamjibu kwa moyo safi, bila kujua kwamba naandikwa. Na kwa kuwa Mwalimu Vivian aliwafundisha kwamba ushahidi wa upande mmoja hautoshi, mtoto akatafuta wa kunilinganisha naye. Akamchagua ng'ombe wetu, Chelel. Chelel akiwa amelala asubuhi, inahesabiwa kuwa ametabiri mvua. Akiwa amesimama, ametabiri jua.

Matokeo yalibandikwa ukutani siku ya wazazi, kwenye karatasi ya manila ya njano, pamoja na picha ya goti iliyochorwa vizuri, sikatai. Goti la Kugo lilipata siku kumi na tisa kati ya arobaini. Chelel alipata ishirini na sita.

Mwalimu Mkuu, Chelel ni mjukuu wa ng'ombe yule yule aliyenipiga teke. Ukoo huo sasa umenishinda mara mbili. Ogeto bado anapita kila asubuhi. Ananisalimia, anaulizia watu wa nyumbani, halafu anachungulia zizini na kwenda zake.

6. Hili la mwisho sikulisema jana kwa sababu nilikuwa nashughulika na meza.

Mtoto huyu aliletwa kwangu akiwa na miaka mitatu, akimlilia mama yake kutwa. Kilichomnyamazisha ni maswali yake na majibu yangu. Kwa nini ukungu unakaa juu ya chai? Unapumzika, bado una safari. Maji ya bomba yanatoka wapi? Kuna mtu Kericho anayafungulia, anatujua. Najua majibu hayo hayangepita mtihani. Lakini yalikuwa yangu, na aliyapokea kwa mikono miwili. Sasa naogopa, na nasema wazi kwamba naogopa. Akimaliza kunipima, nikabaki na kumi na tisa kati ya arobaini kwa kila kitu, atakuwa anakuja kwangu kutafuta nini?

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo. Kwanza, azimio lolote la kazi la sayansi kwa watoto wadogo lipitie kwenye kamati ya mababu watatu kabla hujalitia sahihi, na niko tayari kuwa wote watatu. Pili, kila swali dadisi liletwe nyumbani pamoja na jibu lake ndani ya bahasha, sisi wazee tulipate siku moja kabla ya mtoto. Tatu, somo la mvua lifundishwe Januari, wakati wa jua, goti likiwa likizoni. Nne, ng'ombe wasitumiwe tena kupimia binadamu. Tano, na hapa sitalegeza, wazee waondolewe kwenye "Nyenzo" na kuhamishiwa chini kwenye "Marejeleo", pamoja na vitabu.

Kama Mwalimu Vivian hawezi kuyakubali haya, basi usitie sahihi, na arudi kwenye njia tuliyofundishwa sisi. Mwalimu anasema, darasa linaitikia kwa pamoja, na kila mtu anakwenda nyumbani akiwa ametosheka.

Nisalimie walimu wote, mpishi wa uji, na yule mlinzi wa lango ambaye jana alijaribu kunizuia kwa upole. Mwalimu Vivian naye msalimie. Mwambie viazi alivyowekewa langoni vimetoka kwa Janeffer, mimi sihusiki.

Nabaki wako mwaminifu, nikiwa nimekaa chini kwa sababu ya goti,

Joel Kipkosgei arap Mitei

Nakala: Ogeto, aisome akimaliza kumwangalia ng'ombe.

Nyongeza baada ya sahihi, Jumatatu asubuhi.

Barua hii ilikuwa ikufikie Ijumaa. Imekaa mezani siku tatu, na imenibidi kuongeza machache.

Ijumaa Chepchumba alirudi akasema Mwalimu amewaambia wapumzike kwanza na mambo ya kupima. Zile siku arobaini zilipokwisha yeye alikuwa ameendelea tu, kwa hiari yake, lakini siku hiyo alipandisha daftari juu ya kabati. Jumamosi hakwenda kwenye chupa. Tukiwa mezani hakuuliza kitu. Nilingoja. Mwishowe nikasema mwenyewe, kwa sauti, kwamba radi ni mawingu yanagombana. Akanitazama, akasema, "Sawa, Kugo," akaendelea kula.

Mwalimu Mkuu, nimepigwa teke na ng'ombe na sikuumia hivyo.

Jana kabla ya kanisa nilitoka peke yangu na rula. Jumamosi asubuhi goti lilikuwa limeuma sana, na nilikuwa nimeshamtangazia Ogeto mvua. Nilikuta chupa kavu kabisa. Nikashusha daftari, nikaandika tarehe ya Jumamosi, nikaandika sifuri. Nafasi ya Ijumaa niliiacha tupu, kwa sababu sikupima na sikutaka kubuni. Nilipofika kwenye safu ya goti nilisita. Uani hapakuwa na mtu, na kalamu ilikuwa yangu. Nikatia alama ya kosa. Kwenye safu ya Chelel nikatia ya vyema, maana Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa amesimama.

Leo asubuhi mtoto ameshusha daftari akakuta mwandiko wangu. Ameufuata kwa kidole hadi safu ya mwisho. Kisha ameuliza, "Kugo, ulipima saa ngapi? Juu Mwalimu alisema lazima ikuwe saa moja." Nimekiri kwamba ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Amesema nimekosea, lakini si sana, akanishika mkono na kunipeleka kwenye chupa anionyeshe inavyopimwa. Njiani ameuliza maswali manne. Nimemjibu mawili, na kwa mawili nimemwambia sijui, tutafute. Sikumbuki lini nimefurahi hivyo.

Kwa hiyo tafadhali futa malalamiko namba moja hadi sita, mrudishie Mwalimu Vivian kazi zake za nyumbani, na azimio lake ulitie sahihi kama lilivyo. Daftari letu limebakiza kurasa tatu, mwambie tutanunua lingine. Na pale kwenye "Nyenzo", niacheni nilipokuwa, kati ya rula na gundi.