Laptopu Nzito Niliyomchagulia Dada

Jumamosi, tarehe 3 Mei

Leo nimefanya jambo baya na limefanikiwa. Sijazoea.

Dada ameanza chuo, anasomea kuandika programu za kompyuta. Mama ameamua anunuliwe laptopu ya kubeba pamoja na skrini ya pili, maana mwalimu wao kasema mwanafunzi aandike upande huu, aone matokeo upande ule. Nani achague? Mimi! Kisa: mwaka juzi simu ya Mama iligoma, nikaizima, nikaiwasha, ikapona. Tangu siku hiyo naitwa mtaalamu. Sijapata ujasiri wa kukanusha.

Dukani, muuzaji alileta laptopu mbili. Moja nyembamba, nyepesi kama daftari, betri ya kutwa nzima. Nyingine nene, inanguruma, ukiiweka mapajani unahisi umepakata mtoto wa watu. Akauliza mwanafunzi atatembea nayo au vipi. Mama akanigeukia. Dada akanigeukia. Jibu nililijua. Jibu lilikuwa ile nyembamba.

Lakini ile nene inacheza mchezo wa mbio za magari! Na kitu kizito hakitoki nyumbani. Kitakaa mezani. Na meza iko kando ya kitanda changu.

Nikasema, kwa sauti ya mgonjwa, kwamba nyembamba huvunjika upesi. Nikaongeza skrini kubwa ya mguu wa chuma, badala ya ile bapa inayoingia kwenye mkoba, eti kwa ajili ya macho ya Dada. Masikio yalinichoma. Mama akamwambia muuzaji, "Unamwona huyu? Haongei, lakini kichwa!" Muuzaji akasema tuna siku saba za kubadilisha, mwisho Jumamosi ijayo. Alisema akinitazama mimi.

Jumapili, tarehe 4 Mei

Vyote viko mezani. Vinapendeza! Nimesoma karatasi ya maelezo. Imeandikwa kwa lugha mbili, zilezile mbili ninazosomea shuleni. Sikuelewa kwa yoyote.

Dada kanishukuru. Jioni kanishukuru tena, na kunipigia pasi shati la shule bila kuombwa. Nikaenda kujifungia chooni. Sikuwa na haja yoyote.

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Balaa! Dada kaondoka nayo! Kaibeba mgongoni, kainama kama anayetafuta sindano chini. Nilimwambia aiache nyumbani. Akasema mdogo wake kamchagulia kwa moyo, ataiachaje?

Karudi bega limechubuka. Anasema ni mazoezi mazuri ya mwili.

Jumanne, tarehe 6 Mei

Mambo yanazidi. Ijumaa Dada ataonyesha programu yake mbele ya darasa. Atakayefanya vizuri atapelekwa kwenye mafunzo ya kazi, na nafasi ni moja tu. Tangu nizaliwe sijamwona akitaka kitu hivi. Wiki hii anataka kufanyia mazoezi chuoni, na skrini ya pili. Ataibebaje? Mama, bila kuinua macho kwenye cherehani, akasema aliyechagua abebe. Chuo kiko njiani kuelekea shuleni kwangu.

Nimefunga bendeji mkononi. Nimesema nimeteguka. Mama kauliza kwa nini mchana nilikuwa nimeteguka mkono wa kushoto na sasa ni wa kulia.

Jumatano, tarehe 7 Mei

Nimebeba. Mbele sioni, naona soli zangu tu. Langoni pa chuo, wanafunzi kama thelathini, mimi ambaye hata kununua kalamu naona haya! Mmoja akapaza sauti: "Fundi, dirisha la nani limevunjika?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sasa naitwa Fundi Dirisha. Hata mlinzi.

Dada alikuja kunipokea mbio, akawaambia wote, "Huyu ni mdogo wangu, yeye ndiye mtaalamu wetu." Kwa fahari! Heri angenitupia jiwe.

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Darasani kwa Dada tundu la umeme lilikuwa moja, likachukuliwa na skrini. Laptopu ikaachiwa betri. Betri ya ile nene huishi dakika arobaini, na Dada alikuwa wa nne kwenye foleni. Sentensi ya tatu, giza. Mtu wa nyuma akasema, "Fundi Dirisha, fungua pazia!" Nilikuwa mlangoni. Nilitamani ukuta unimeze.

Dada akaomba chaki. Akaandika ubaoni. Mwalimu akamuuliza kwa upole ni nani alimchagulia mashine ya namna ile, naye ni mtu anayetembea kwa miguu. Dada akasema alichagua mwenyewe.

Mwenyewe!

Na mimi nikarudi nyuma ya mlango. Mwalimu kampa nafasi ya mwisho: Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi. Akichelewa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Jumamosi, tarehe 10 Mei

Nimeungama. Niliuambia ukuta, Dada akiwa amekaa nyuma yangu. Mchezo, meza, kitanda, vyote. Akanigeuza nimtazame. Kisha akasema: "Si ungeniomba tu? Ningekuachia kila jioni."

Basi. Hakupiga, hakutukana. Nimelia kwenye shati alilonipigia pasi.

Mama aliambiwa tu kwamba uzito umemshinda Dada. Dukani, kabla hatujafungua mdomo, muuzaji akaiweka ile nyembamba mezani, na ile skrini bapa. Akasema alikuwa ametuwekea.

Jumapili, tarehe 11 Mei

Leo nimeapa: hila basi! Mimi ni mtu mpya.

Dada kanipa saa moja ya kucheza, saa kumi na mbili mpaka saa moja jioni, kwa saa ya laptopu. Mchezo wa magari unakwama kidogo lakini unakwenda. Saa moja ni fupi, jamani! Gari langu lilikuwa la pili! Nikarudisha saa ya laptopu nyuma dakika ishirini, nikazima na ile sehemu inayoifanya ijirekebishe. Dakika ishirini si hila. Ni marekebisho.

Nilimaliza wa kwanza.

Jumatatu, tarehe 12 Mei, asubuhi

Nimeamka mtu mpya kwa siku ya pili. Dada kavaa gauni lake zuri. Laptopu na skrini vimeingia kwenye mkoba mmoja, bega liko sawa. Saa ya ukutani hatuna, simu yake iko kwa fundi, na Mama alitoka alfajiri. Dada kaangalia saa ya laptopu kabla ya kuifunga. Kasema bado kuna muda mwingi, atakunywa chai kwanza.

Zile dakika ishirini sikuzirudisha.

Lazima nimwambie. Lakini ndiyo kwanza amenisamehe juzi! Na ananitabasamia. Nitamwambia, naapa, akimaliza tu chai. Anainywa taratibu. Sasa anaongeza kikombe cha pili, na ananiuliza kama nami nitakunywa.

Nimesema ndiyo.