Mechi Niliyomtangazia Baba Mkwe

Jumatano, 6 Mei

Baba mkwe amefika saa nne asubuhi, bandeji machoni. Macho yote mawili! Ameondolewa mtoto wa jicho la kushoto, lakini daktari amefunga na la kulia, ili lisimshawishi mwenzake kuzungukazunguka. Atafunguliwa Jumatatu. Anakaa kwetu kwa sababu mke wangu ni muuguzi na anajua kutia dawa bila kumwaga.

Mzee ni mwenyekiti wa tawi la mashabiki wa Nyuki. Tawi lina wanachama themanini. Wanachama themanini wana migongo themanini, na migongo themanini inahitaji makoti themanini ya rangi ya timu. Mimi ni fundi cherehani. Sihitaji kueleza zaidi.

Wakati wa chai Mzee amesema maumivu si kitu, anachotaka ni kimoja tu: mechi ya Jumamosi, Nyuki na Radi. Hata asipoona, atasikiliza. Shemeji, kaka wa mke wangu, akadakia hapo hapo. Kwake kuna vifurushi vyote vya runinga, na runinga yenyewe ni kubwa kama mlango, atakuja kumchukua kwa gari. Shemeji ni karani wa bima. Hata anapokunywa chai huonekana anakukagua.

Kabla sijameza mkate nikasema hapa pia tunavyo vifurushi vyote. Mke wangu akaniangalia. Hatuna hata kimoja. Tuna runinga yenye mstari katikati.

Mzee akageuza bandeji upande wangu. Akasema, "Vizuri, fundi. Basi nabaki hapa."

Miaka kumi na miwili nimemwoa binti yake. Bado ananiita fundi.

Alhamisi, 7 Mei

Siku ya vifurushi. Nilidhani itachukua dakika kumi.

Kifurushi cha Fedha kimeandikwa "Mpira kila siku". Nimelipia. Nimefungua. Mpira wa wavu! Wanawake warefu sana, wanaruka vizuri, lakini si Nyuki. Mpira wa miguu uko kwenye Dhahabu. Nimelipia Dhahabu kwa pesa ya zipu na vifungo vya mwezi mzima. Dhahabu ina ligi za nchi za baridi, watazamaji wamevaa glavu. Ligi yetu sisi, kuanzia msimu huu, imehamia kwenye programu nyingine kabisa!

Nimepiga simu huduma kwa wateja. Muziki, dakika arobaini. Nimeshona mifuko mitatu nikisikiliza. Hatimaye binti mwenye sauti tamu akanishukuru kwa uvumilivu, simu ikakatika.

Nimejisajili kwenye hiyo programu nyingine. Nimelipa tena, mara hii kwa pesa ya bitana. Wanataka nenosiri lenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Nimetunga moja kali sana. Sikuwa na karatasi karibu, nikaliandika kwa chaki kwenye kitu kilichokuwa mezani. Akili hiyo!

Ijumaa, 8 Mei

Kitu kilichokuwa mezani ni suruali ya mwalimu wa hesabu. Ameichukua asubuhi. Mke wangu amemfungia vizuri kwenye mfuko.

Nimekimbia mpaka shuleni. Mwalimu alikuwa darasani, na suruali alikuwa ameivaa. Nimemwomba tutoke kidogo. Nyuma ya ofisi ya walimu nimemweleza kwamba ndani ya kiuno chake kuna siri yangu. Ni mtu muungwana, akafungua mkanda bila maswali mengi. Lakini alikuwa ameipiga pasi! Limebaki "Nyuk" na kitu ambacho ni saba au moja. Mwalimu alisema ni saba. Mwalimu mkuu akapita akatukuta, mimi nimepiga magoti. Mwalimu akaeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi.

Nyumbani nikajaribu saba. Nikajaribu moja. Nikajaribu saba kwa nguvu zaidi. Akaunti imefungwa kwa usalama wangu, saa ishirini na nne. Nimetazama saa ya ukutani: saa kumi na moja na dakika kumi. Mechi kesho ni saa kumi kamili.

Nimempigia shemeji kuomba nenosiri lake. Akasema nenosiri lake halitoki nje ya nyumba yake, ila nyumba yake iko wazi, nimlete Mzee. Nikamwambia sikuwa na shida, nilikuwa namjaribu tu kama ni mkarimu.

Jumamosi, 9 Mei

Siku ya mechi.

Mpango ulikuwa kumwambia Mzee kuna mvua uwanjani, mechi imesogezwa mbele kwa saa moja na kitu. Nimefunga madirisha yote mapema, kwa sababu ya vumbi, nikasema, jicho lisiingie uchafu. Kwa kweli nilikuwa nazuia kelele za majirani. Mzee ameoga, amechana ndevu, amekaa kwenye kiti wima, mikono magotini. Saa kumi kamili akauliza, "Wameingia uwanjani?"

Nikasema, "Wanaingia."

Mdomo ndio uliosema. Mimi mwenyewe nilikuwa bado nafikiri.

Baada ya hapo hakukuwa na pa kutokea. Nikafungua Dhahabu, nikaweka mechi ya zamani ya nchi za baridi kwa ajili ya kelele, nikaanza kutangaza. Mzee akauliza mbona watangazaji wanasema lugha hiyo. Nikamwambia ni kifurushi cha bei ghali. Akatikisa kichwa kwa heshima.

Shida ni kwamba mashabiki wa baridi walishangilia wakati wao, si wangu. Dakika ya kumi na mbili wakalipuka. Mzee akaruka: nini? Ningesema nini? Goli! Nyuki moja! Amefunga nani? Namba kumi na moja, kwa mguu wa kushoto, chini chini, kipa ameangukia upande wa pili. Mzee akapiga paja langu. Dakika ya thelathini wakalipuka tena. Nikafunga la pili. Nilianza kuona kwamba nina kipaji.

Mapumziko nikampa chai. Akaeleza ambavyo angepanga kikosi, nami nikafuata ushauri wake kipindi cha pili. Akafurahi mno kocha alipomsikia.

Saa kumi na moja na dakika kumi simu ikatetemeka. Akaunti imefunguliwa, na nenosiri jipya wamenitumia wenyewe! Picha ikaja safi, bila hata ule mstari, sijui kwa nini. Mara ya kwanza wiki nzima kitu nilicholipia kinafanya kazi. Nyuki wa kweli wako pale kwenye kioo. Wamefungwa mbili bila. Namba kumi na moja anachechemea. Kipa amekaa chini.

Nikasahau kutangaza. Mzee akanishika mkono, vidole vyake vimekauka kama karatasi. Akasema, "Endelea, mwanangu. Mpira uko wapi?"

Mwanangu!

Nikazima mechi niliyoilipia kwa pesa ya bitana. Nikarudisha kelele za baridi. Dakika ya themanini kona, beki wao yule mrefu yuko langoni, namba tisa wetu anapaa juu yake, kichwa, wavu! Nilisimama kweli. Mzee alisimama kweli. Tumekumbatiana katikati ya sebule. Tatu bila.

Mke wangu alikuwa mlangoni, na sare za kazini. Sijui tangu lini. Alisema, "Mume wangu, njoo jikoni." Akiniita mume wangu najua nimeharibu.

Jikoni akauliza nimefanya nini. Nikamwambia nimeshinda tatu bila. Aliuma kitambaa cha vyombo asicheke, kisha akakasirika kwa sababu amecheka.

Jumapili, 10 Mei

Simu ya Mzee imeita tangu alfajiri. Wanachama wa tawi, wanataka kulia pamoja na mwenyekiti wao. Nimeiweka kwenye droo ya nyuzi. Mzee akiuliza, namwambia iko kwenye chaji.

Saa tano wamekuja wenyewe, katibu na mweka hazina, nyuso kama za msibani. Nimewawahi mlangoni. Nimewaambia daktari amekataza kabisa kutaja mpira, presha inapanda mpaka kwenye jicho. Wakaapa hawatafungua mdomo.

Wameingia. Mzee akawapokea kwa mikono miwili juu: hongereni! Katibu akasema nasi tunashukuru. Mzee akasema tatu! Tatu, jamani! Na kile kichwa! Mweka hazina akatazama sakafu, akasema joto limezidi siku hizi. Mzee akasema Radi hawatalala wiki nzima. Katibu akasema ndiyo, na mahindi yamepanda bei.

Robo saa nzima. Mzee anashangilia, wao wanazungumzia mahindi. Wakati wa kuondoka katibu akamvuta mke wangu pembeni, machozi yanamlengalenga, akauliza kwa sauti ya chini Mzee amekuwa hivi tangu lini, na je, daktari wa macho anaweza kweli kugusa akili kwa bahati mbaya? Mke wangu akasema tuombe tu. Mwanamke huyu naye ana kipaji.

Jumatatu, 11 Mei

Siku mbaya kuliko zote.

Tumekwenda kliniki watatu. Daktari amefungua bandeji. Mzee akapepesa macho, akamwona binti yake, akamshika shavu. Akaniona mimi, akatabasamu. Akasema nimenenepa. Nilikuwa na furaha kwa muda wa dakika moja hivi.

Kisha muuguzi wa pale akasema tupime kama anasoma. Akampa gazeti la jana. Mzee akalisogeza mbali, akalisogeza karibu, akasoma kwa sauti ya mwenyekiti:

"Nyuki wachapwa mbili bila."

Muuguzi akapiga makofi. Anasoma vizuri sana! Mzee akasoma tena, polepole. Akatafuta tarehe juu ya ukurasa. Akakunja gazeti mara nne, akaliweka magotini. Ningekuwa na uwezo ningeingia kwenye kabati la dawa na kujifungia.

Njia nzima ameshikilia lile gazeti. Chakula amekula kidogo. Nimemsikia akimwomba binti yake ampigie kaka yake, aje amchukue kesho.

Nilimwomba radhi nje ya mlango wake. Maneno yalikuwa mengi, mlango ulikuwa mmoja. Haukufunguka.

Jumanne, 12 Mei

Shemeji amefika saa tatu, na gari. Ameshaelezwa. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akabeba begi la Mzee mpaka uani.

Mimi nilikuwa kibarazani kwenye cherehani, nashona pindo ambalo nilishalishona. Mzee akatoka. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akawa anatazama sindano ikipanda na kushuka. Nadhani alikuwa anafurahia tu kuona kitu kidogo kama hicho.

Akasema, "Fundi."

Tumerudi kule kule, nikajiambia.

"Lile goli la tatu. La kichwa. Nalo halikuwepo?"

"Halikuwepo, baba."

Akafikiri. Gari la shemeji linanguruma.

"Aliruka juu ya yule beki wao mrefu?"

"Juu yake kabisa."

"Na mpira ukatokea kona ya upande gani?"

"Kulia, baba."

"Kulia," akasema. Akafumba macho, yote mawili, jipya na la zamani. "Miaka thelathini nawafuata hawa Nyuki. Hawajawahi kunifungia goli kama lile." Kisha akafumbua, akanitazama kwa ukali. Akasema nilimdanganya akiwa hana macho, na hilo ni baya, na nisirudie tena maishani mwangu. Nikasema sirudii. Akasema vizuri. Akasema, "Sasa nieleze la pili, hukulimaliza vizuri. Pasi ilitoka kwa nani, mwanangu?"

Shemeji amerudisha begi ndani. Amekaa nasi. Kufikia goli la kwanza naye alikuwa anauliza maswali.

Nikaona huu ndio wakati. Nikagusia makoti. Mzee akashangaa: makoti gani? Tawi limeshonewa makoti tangu mwezi wa pili, themanini, yametoshea vizuri sana. Na fundi waliyempata ni wa bei nafuu.

Sikulala mchana.

Jumamosi, 16 Mei

Mzee bado yuko kwetu. Mke wangu amelipia kifurushi sahihi, yeye mwenyewe, kwa dakika nne. Nenosiri ameliandika kwenye daftari. Picha nzuri, sauti ya kweli, madirisha wazi. Katibu na mweka hazina wamekuja pia. Wameshaelezwa yote, na wamekasirika kidogo kuhusu mahindi. Nyuki wametoka sare, bila bila. Mchezo mbovu usioelezeka. Dakika ya sitini Mzee akamwomba shemeji apunguze sauti, akasema mimi nitangaze kinachotakiwa kutokea. Nimewafungia mawili. Wote watano wameshangilia, mke wangu kwa sauti kuliko wote.

Nimejifunza sana wiki hii. Nimemwahidi mke wangu kwamba mambo ya kutangaza uongo yamekwisha, na nilimaanisha kila neno.

Lakini jioni hii habari mpya zimeingia. Mama mkwe naye anatolewa mtoto wa jicho mwezi ujao. Bandeji siku tano, na atakaa kwetu. Yeye mpira haupendi hata kuusikia. Anapenda tamthilia ya saa mbili, ile ya dada wawili na shamba la marehemu baba yao, na tamthilia hiyo iko kwenye kifurushi cha Almasi. Almasi! Bei yake nimeiona, nikakaa chini.

Nimefikiri kwa makini. Mpira una watu ishirini na wawili na waamuzi. Tamthilia ina dada wawili, wakili, na mlango unaofungwa kwa nguvu. Mlango ninao.

Nimejifungia chooni kujaribu kilio cha yule dada mkubwa. Kimetoka vizuri. Mke wangu amegonga kuuliza kama tumbo linaniuma. Nimemwambia aniache, niko kazini.