Mashine Moja, Vichwa Vyote

Jumatatu, 3 Juni

Siku yangu imefika! Mafundi rangi wanaingia ofisini kesho, na Bosi wa kampuni yetu ya bima ametaka kila mtu afanyie kazi nyumbani kwake. Programu ya kuingia kwenye kompyuta za ofisi ukiwa mbali nimeshaisimika. Imebaki leseni ya kuingilia seva ya hifadhidata, ile kompyuta kuu ya ofisini inayotunza kumbukumbu za wateja wote. Bosi kaahidi kwamba wiki hii ukaimu wangu utakwisha, nikifaulu. Mkuu wa Kompyuta kamili! Kaimu nimekuwa muda mrefu, mpaka mke wangu ananiita hivyo mezani.

Muuzaji kanieleza kwamba leseni ni za aina mbili. Ya kichwa: mtu mmoja, atumie mashine yoyote. Ya mashine: mashine moja, akae mbele yake yeyote. Mhasibu, tunayemwita Mama Risiti, kashauri za vichwa, kila mtu yake. Mama Risiti! Mtu anayedai risiti ya maji ya kunywa! Nikajua ananichimbia shimo. Nimenunua ya mashine. Moja tu, kwa ofisi nzima. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu leo nimezichana.

Jumanne, 4 Juni

Mashine yenye leseni ni kompyuta yangu ya nyumbani. Kwa hiyo wote wamekuja kwangu. Foleni mpaka kwenye ngazi. Mzee Mihuri wa idara ya madai kavua viatu, halafu soksi, akasema anajisikia yuko nyumbani. Nikamwambia ndilo lengo la mpango.

Mama mkwe, aliyekuja kwetu kupumzisha mgongo, kapoteza kochi lake. Hakusema kitu. Ukimya wake nauogopa kuliko virusi vya kompyuta.

Jumatano, 5 Juni

Zamu hazifuatwi. Mama Risiti kakalia kiti tangu asubuhi, eti hesabu hazikatwi katikati. Fitina tupu!

Mke wangu kauliza kuna haja gani, wakati ofisi iko ng'ambo ya barabara na madirisha yake tunayaona. Nikamweleza kwamba haelewi teknolojia. Chakula cha jioni sijakiona.

Mama mkwe kachoka kunyamaza. Sasa ndiye anayepanga foleni, mwiko mkononi. Hata Mama Risiti kanyanyuka. Mpango unaenda vizuri!

Alhamisi, 6 Juni

Balaa. Mteja kampigia Mzee Mihuri simu, akasikia mama mkwe akifokea watu, akaenda kumuuliza Bosi kama kampuni imeuzwa. Bosi kaja mwenyewe, bila taarifa. Akasimama mlangoni akitazama wafanyakazi wake wote juu ya zulia langu.

"Nilisema kila mtu afanyie kazi kwake," akasema taratibu. "Hapa ni kwa nani?"

Nikafungua mdomo. Mama mkwe kaniwahi.

"Hapa ni kwa binti yangu. Na wewe shika foleni."

Bosi kashika foleni, nyuma ya Mzee Mihuri. Zamu yake ilipofika alikaa, akaandika barua kwa wafanyakazi wote. Ukaimu wangu umekwisha, kama alivyoahidi. Mkuu wa Kompyuta ni Mama Risiti. Na barua hiyo Bosi kaiandika kwenye mashine yangu, kwa leseni yangu!

Ijumaa, 7 Juni

Mama Risiti kanunua leseni za vichwa. Kila mtu yuko kwake na kazi inakwenda, nasikia. Sebule tupu. Soksi za Mzee Mihuri zimebaki chini ya kochi. Mchana mke wangu kaniita kwa jina langu, kwa upole kabisa. Nimeumia, sifichi.

Jumapili, 9 Juni

Nimepata! Mafundi wamemaliza, kesho tunarudi ofisini. Leseni yangu bado hai, na masharti hayasemi mashine ikae wapi. Kwa hiyo naibeba kompyuta hadi ofisini, naiweka mlangoni pa chumba cha seva. Anayetaka kuingia kwenye seva akiwa mbali atapanga foleni hapo hapo. Safari ya nyumbani haipo tena! Mama Risiti atajuta.

Mke wangu keshazikunja nyaya na kuiweka mashine sandukuni. Taratibu anaanza kuielewa teknolojia. Mama mkwe nimemwomba aje kusimamia foleni. Amekubali, ila anataka cheo.

Nimemwambia ataanza na ukaimu.